Majogoo ya Tajiri

Jumamosi, mtaa wa Oli, Arua, saa mbili usiku.
Mia tano mlangoni, karanga juu yako.
Bati limeshika joto la mchana na halijaliachia,
nami nimekaa ubavuni mwa skrini na kipaza sauti
kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli:
kazi yangu ni kuwatia Warumi Kiswahili kinywani.

Wale watu wana jina lao, gumu kama kokwa.
Wiki ya kwanza niliwaita mabondia wa panga.
Ya pili, majogoo ya tajiri.
Watu wakacheka, jina likashika.
Hadi leo mtoto wa Candiru hujifunga
kifuniko cha sufuria mkononi, akamwita mwenzake:
Jogoo! Njoo tufe!

Damu yao inapita kiasi.
Inaruka polepole, inaning'inia hewani kama nguo kambani,
na Mama Zamzam, muuza nyama, husonya:
"Ng'ombe mzima hana damu hiyo.
Nani kawadanganya hawa?"

Mimi ndiye bwana, mimi ndiye mtumwa,
koo ni hili hili.
Nikiwa bwana naibana pua,
nasema kama karani siku ya kodi.
Nikiwa mtumwa, sijui ile sauti naitoa wapi.
Pengine ni ya baba, akiomba mkopo wa mbegu.

Onzima hukaa benchi la nyuma.
Miaka miwili alilinda lango la wengine huko Baghdadi,
jua la kukaanga yai juu ya kofia ya chuma.
Aliahidiwa dola elfu, akafika akakuta mia nne,
na pasipoti yake ililala kwenye droo ya mtu mwingine.
Hacheki. Karanga hali.

Sehemu ya saba, tajiri anapita mbele ya majogoo,
anawafungua midomo, anahesabu meno.
Nilikuwa na mzaha wangu tayari, nimeunoa tangu Alhamisi.
Kutoka nyuma Onzima akasema, wala si kwa nguvu:
"Hapo usiongeze kitu."
Nikafumba.
Kibanda kizima kikabaki na lugha ya wenyewe,
na meno.

Usiku wa sehemu ya mwisho umeme ukakatika
panga likiwa juu.
Jenereta ikakohoa mara mbili; petroli hakuna.
Nikasema nitarudisha mia tano zao.
Hakuna aliyenyosha mkono.
"Malizia," wakasema. "Si wewe unajua?"

Nilijua. Niliitazama mchana nyumbani, peke yangu, sauti chini.
Wanashindwa.
Waliosalia wanapigiliwa mitini kando ya barabara,
mti baada ya mti, kama mtu atoke hapa
afike Pakwach, na avuke mto, na bado mti.

Gizani nikaanza.
Nikawapa mvua. Nikawapa ukungu, askari wakapotezana.
Nikamvusha mmoja mlima, nikamvusha wa pili.
"Na yule aliyekatwa sikio?"
Amevuka.
"Na mrefu?"
Amevuka, amembeba mwenye homa mgongoni.
Watoto wakapiga makofi, vumbi nikalisikia puani.

"Mwongo," akasema Onzima,
na sikusikia hasira humo.
Benchi likalia; amesogea mbele.
"Huyo mrefu. Aliondoka na karatasi zake?"

Nimewasemea majemadari,
nimewasemea wake zao na simba wao.
Nikatafuta jibu kooni, nikakuta kavu.

Umeme ukarudi kabla sijasema kitu.
Diski ikaanza upya, sehemu ya kwanza:
mkokoteni unaingia uani,
wanashuka wote, wazima, mnyororo mmoja,
na yule mrefu anaangaza macho huku na huku
kama anayetafuta choo.

"Hebu waone," akasema Mama Zamzam,
"bado wana nyama."